Kliniki ya mishipa ya damu niliyompeleka binti yangu: tathmini baada ya ziara tatu

Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya mzazi ambaye mtoto wake amezaliwa na baka kubwa la rangi ya damu ya mzee mguuni au mkononi, na kiungo hicho kikawa kinanenepa na kurefuka kuliko mwenzake, kwa kuwa mimi mwenyewe nilitafuta maelezo ya namna hii kwa miaka sita bila kuyapata. Ninachokitathmini ni huduma ya kliniki moja binafsi ya mishipa ya damu jijini Dar es Salaam, ambako nimempeleka binti yangu mara tatu katika muda wa miezi kumi na minne. Jina la kliniki nimeliacha kwa makusudi. Nina ya kuisifu na nina ya kuilaumu, na mzazi aliyeko Mbeya, Mombasa au Bujumbura atafaidika zaidi akijua daktari anayelifahamu tatizo hili hufanya nini anapomshika mtoto, maana kwa jambo hilo ataweza kumpima daktari yeyote aliye karibu naye.

Binti yangu alizaliwa Tanga. Baka lake lilianzia nyongani upande wa kulia, likateremka ubavuni mwa paja na kuishia juu kidogo ya kifundo cha mguu, likiwa na kingo zilizochongoka kama ramani. Mkunga ndiye wa kwanza kuniambia kwamba paja la kulia lilionekana nene kuliko la kushoto. Tangu siku ile hadi tulipofika kwenye kliniki hii, ugonjwa wa mwanangu ulikuwa umepewa majina matatu, yote yakiwa si yake.

La kwanza lilitolewa katika kituo cha afya alipokuwa na umri wa mwezi mmoja: tuliambiwa ni uvimbe wa damu wa watoto wachanga na kwamba ungeisha wenyewe kabla hajaanza shule. Uvimbe huo upo kweli, na ni wa kawaida kabisa, lakini una tabia yake. Mara nyingi mtoto anapozaliwa hauonekani, au huonekana kama doa hafifu tu. Hujitokeza katika wiki za mwanzo, hukua kwa kasi kwa miezi kadhaa, kisha husinyaa taratibu kwa miaka. Tena tangu mwaka 2008, madaktari wa Bordeaux nchini Ufaransa walipogundua kwamba dawa ya moyo na shinikizo la damu iitwayo propranololi huusinyaza, watoto wengi wenye uvimbe mkubwa wametibiwa kwa dawa hiyo. Baka la mwanangu halikuwa na mwenendo huo hata kidogo. Lilikuwapo lote siku aliyozaliwa, halikukua kwa kasi wala halikusinyaa, bali lilipanuka kadiri mguu ulivyopanuka. Tofauti hii baina ya uvimbe ambao chembe zake huzaana na mishipa iliyoumbika vibaya tangu tumboni iliwekwa wazi mwaka 1982 na John Mulliken na Julie Glowacki huko Boston, na ndiyo msingi wa mpangilio wa magonjwa haya unaotumika duniani hadi leo. Inasikitisha kwamba kwa swali moja tu, yaani baka hili lilikuwapo lini na limebadilikaje, tungeepushwa na miaka miwili ya kungoja kitu kiishe ambacho hakina kawaida ya kuisha.

Jina la pili lilikuwa matende, na hili silioni kuwa kosa la kipuuzi. Ukanda wetu wa pwani umeishi na matende kwa vizazi vingi, na mguu uliovimba unapoonekana Tanga, watu huwaza mbu kwanza. Alitolewa damu usiku, kwa sababu vijidudu vya matende vilivyozoeleka kwetu huingia katika damu ya pembeni saa za usiku, na hakuonekana na chochote. Hata hivyo jina lilimganda. Watoto wenzake walilitumia, na hilo ndilo lililoniuma kuliko kipimo chenyewe. Jina la tatu lilitoka kwa ndugu, waliosema kuna mkono wa mtu, na kwamba mimi nilipokuwa mjamzito nilipita mahali nisipopaswa kupita. Sitalieleza zaidi ya hapo.

Tulifika klinikini saa mbili kasoro robo asubuhi, tukiwa na miadi ya saa mbili, na tukaingia kwa daktari saa saba na dakika kumi mchana. Kwa mtoto aliyesafiri kwa basi siku iliyotangulia, na ambaye mguu wake huvimba anapokaa muda mrefu akiwa ameuning'iniza, kungoja kwa saa tano kwenye viti vya plastiki ni jambo ambalo kliniki ya mishipa, kuliko kliniki nyingine yoyote, ingepaswa kulifikiria. Hakukuwa na kigoda cha kuinulia miguu. Nililalamika, nikaombwa radhi kwa adabu, na katika ziara ya pili hali ilikuwa ile ile.

Baada ya mlango kufunguliwa mambo yalibadilika kabisa, na ninataka kuieleza sehemu hii kwa kirefu, kwa kuwa ndiyo sababu hasa ya kuandika.

Binti yangu alimwamkia shikamoo, daktari akaitikia, akamwita akae kitandani, kisha akamwomba amwonyeshe kwanza mguu ule usio na baka. Nilishangaa, nikadhani amechanganya. Kumbe alitaka kuujua mguu mzima ulivyo ndipo aujue uliotofautika. Aliweka mgongo wa mkono wake juu ya paja la kushoto, kisha la kulia, akarudia mara mbili, akitafuta kama mguu wenye baka ulikuwa na joto zaidi. Aliweka vidole juu ya baka akisikiliza kwa vidole kama kuna mtetemo, kisha akasikiliza kwa kifaa cha masikioni mahali hapo hapo. Alipapasa mapigo kwenye mikono, kwenye nyonga na juu ya nyayo, akanieleza kwamba kwa mtoto yeyote mwenye tatizo la mishipa la kuzaliwa yeye hulinganisha mapigo ya mkono na ya nyonga, kwa sababu mapigo ya nyonga yakiwa dhaifu au yakichelewa, ateri kuu, yaani mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni, inaweza kuwa imebanwa karibu na moyo, na mtoto huyo ni wa kupelekwa kwa madaktari wa moyo bila kupoteza siku.

Kisha akamsimamisha. Wakakaa wakizungumza habari za shule kwa dakika kama tano, mtoto amesimama wima, na mimi nikaona kwa macho yangu kitu ambacho nilikuwa nikikiogesha kila siku bila kukitambua: upande wa nje wa mguu, kutoka karibu na kifundo hadi katikati ya paja, vena nene, yaani mshipa wa kurudisha damu moyoni, ilijitokeza taratibu kama kamba iliyolowa maji. Alipomlaza na kuuinua mguu, kamba ile ikapotea. Daktari alieleza kwamba vena ya upande huo huwapo kwa kila mtoto anapokuwa bado kiinitete tumboni, na kwamba kwa kawaida hutoweka. Kwa binti yangu haikutoweka.

Vipimo vya urefu alivichukua kwa njia mbili. Kwanza kwa mkanda, kutoka mfupa wa mbele wa nyonga hadi mfupa wa ndani wa kifundo, pande zote mbili. Pili, alimsimamisha na kuweka vibao vyembamba vya mbao chini ya mguu wa kushoto, kimoja baada ya kingine, huku ameshika nyonga kwa mikono miwili, mpaka nyonga zikawa sawa. Tofauti ilikuwa sentimita 1.5. Unene wa paja na wa shavu la mguu aliupima kwenye alama alizozitia kwa kalamu, umbali ule ule kutoka gotini kila upande, ili atakayepima baadaye apime mahali pale pale. Miaka sita, na hakuna mtu aliyekuwa amewahi kumpima mwanangu miguu yote miwili kwa mkanda wa shilingi elfu moja.

Kipimo cha ultrasaundi cha Doppler, kinachopima mwendo wa damu kwa mawimbi ya sauti, kilifanyika chumba cha pili, na daktari alikuwapo akimwongoza mtaalamu. Aliongeza sauti ya mashine ili nami nisikie. Ateri ilitoa mapigo ya haraka yenye vishindo, moja baada ya jingine. Alipohamia kwenye ile vena ya nje palikuwa kimya, mpaka alipolibana shavu la mguu kwa mkono, ndipo ukasikika uvumi mrefu kama upepo unaopita kwenye mnazi, kisha kimya tena. Kwa kimya kile, alisema, ndipo jina la ugonjwa linapopatikana. Mishipa iliyoumbika vibaya hugawanywa kwa mwendo wa damu: ile ya mwendo wa polepole, ambayo ni ya vena, ya limfu (majimaji ya mwilini) na ya kapilari (vimishipa vyembamba kabisa vya damu), na ile ya mwendo wa kasi, ambamo ateri humwaga damu moja kwa moja kwenye vena bila kupitia kapilari. Baka, vena zilizoumbika vibaya na kiungo kilichokua kupita kiasi, kwa pamoja na kwa mwendo wa polepole, ndiyo hali iliyoelezwa mwaka 1900 na madaktari wawili wa Kifaransa, Maurice Klippel na Paul Trénaunay, nayo hubeba majina yao. Mtoto mwenye mguu unaofanana na huo kwa macho, lakini wenye joto, mtetemo na mwendo wa kasi, huwa na hali nyingine, inayobeba jina la daktari Mwingereza Frederick Parkes Weber. Huyo moyo wake unaweza kuchoshwa na damu inayorudi kwa wingi, na matibabu yake ni tofauti. Kwa miaka mingi majina haya mawili yamechanganywa hata na watu wa tiba, kwa hiyo mzazi anayeambiwa moja kati ya hayo ana haki ya kuuliza mwendo wa damu ulipimwa kwa kifaa gani.

Jambo la pili lililotafutwa kwa Doppler lilinitia hofu, lakini nafurahi nililielewa. Kwa baadhi ya watoto wenye hali hii, vena kuu za ndani ya mguu huwa nyembamba mno, au hazipo kabisa, na damu yote hurudi kwa kupitia vena ya nje. Daktari alichora nyuma ya karatasi ya miadi barabara kuu na barabara ya mchepuko, akaniuliza kitatokea nini kama mkandarasi ataufunga mchepuko wakati barabara kuu bado haijajengwa. Ndiyo maana mtu yeyote anayependekeza kuiondoa au kuiunguza vena ya nje kwa sababu inaonekana vibaya, kabla ya kuhakikisha njia ya ndani ipo na inapitisha damu, anaweza kumdhuru mtoto. Njia ya ndani ya binti yangu ipo, ingawa ni nyembamba sehemu ya paja. Karatasi ile ninayo hadi leo.

Nilipouliza chanzo, alijibu kwa Kiswahili kilichonyooka. Mabadiliko hutokea katika jeni iitwayo PIK3CA, inayohusika na kuziamuru chembe zikue. Hutokea baada ya mimba kutungwa, katika chembe moja ya kiinitete, na sehemu ya mwili itakayotokana na chembe hiyo ndiyo pekee hubeba mabadiliko hayo. Kwa kawaida haitoki kwa baba wala kwa mama, na haitokani na chakula, safari au neno la mtu. "Mama, hukufanya kosa lolote," alisema. Nikamwomba anisubiri, nikampigia mume wangu simu, nikaweka kipaza sauti, nikamwomba aseme tena tangu mwanzo. Alisema tena, bila kuharakisha. Tulikuwa tumekaa humo ndani kwa karibu dakika hamsini.

Sasa lawama, nazo si ndogo. Kabla hata hatujamwona daktari, mapokezi walituandikia furushi la vipimo la kulipia mbele, likiwamo la vinasaba kutokana na damu. Nililipa, kwa kuwa sikujua. Daktari alipoliona alikunja uso, akaeleza kwamba mabadiliko hayo yako kwenye nyama ya sehemu iliyoathirika, kwa hiyo damu mara nyingi haiyaonyeshi, na kwamba uchunguzi wa maana huhitaji kipande kidogo cha ngozi au nyama, jambo ambalo hakuliona la lazima kwa sasa. Fedha zangu zilirudishwa, lakini baada ya siku kumi na moja na simu zisizohesabika. Kliniki inayojua kazi yake kwa kiwango hiki haipaswi kuwaacha watu wa dirishani wauze kipimo ambacho daktari wake hakihitaji.

Ripoti ya kwanza nayo ilikuwa dhaifu. Ilikuwa na mistari minne ya Kiingereza, bila sentimita hata moja kati ya zile zilizopimwa kwa uangalifu mkubwa, na bila neno lolote kuhusu vena za ndani. Mgonjwa wa ugonjwa adimu hubeba ripoti yake kama pasipoti: ndiyo atakayoionyesha kwa daktari wa zamu Tanga saa nane usiku. Niliiandikia kliniki barua nikiomba vipimo viandikwe, na ziara ya pili nikapewa ripoti kamili ya kurasa mbili. Yaani wanaweza, ila mpaka waombwe.

Soksi ya kubana mguu ili usivimbe nayo ilianza kwa kosa. Ya kwanza tuliyopewa ilipimwa alasiri, mguu ukiwa umeshavimba, ikawa inapwaya asubuhi na kujikunja nyuma ya goti. Muuguzi wa ziara ya pili, ambaye ninamshukuru kwa dhati, alituambia turudi kesho yake mapema na mtoto asitembee sana kabla ya kupimwa. Aliagiza ya kipimo chake, ikafika baada ya wiki tano, na tangu hapo mtoto halalamiki uzito wa mguu anapotoka shule. Muuguzi huyo huyo ndiye aliyenifundisha dalili za kutosubiri nazo, ambazo zilipaswa kusemwa siku ya kwanza: wekundu au joto linalosambaa kwenye ngozi pamoja na homa, maumivu makali ya ghafla pamoja na ugumu kwenye vena, damu kwenye choo au mkojo, na zaidi ya zote, kifua kubana na kukosa pumzi, kwa sababu damu inayosimama kwenye vena hizi huganda kwa urahisi na bonge linaweza kwenda kwenye mapafu. Alinionya pia nimwambie daktari yeyote atakayemfanyia upasuaji wa aina yoyote, na kwamba akiwa mkubwa aepuke vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni mpaka azungumze na daktari anayeijua hali yake.

Kipimo cha MRI, cha picha za ndani ya mwili kwa sumaku, kilifanyika kwingine kwa rufaa, kwa sababu ultrasaundi haioni vizuri makalio na nyonga kwa ndani. Nilimtayarisha nyumbani kwa kumlaza chini ya meza ya chakula huku dada yake akigonga sufuria, jioni nne mfululizo, na siku yenyewe alitulia muda wote bila dawa ya usingizi. Picha zilionyesha kwamba vena zilizoumbika vibaya zinafika kwenye makalio lakini hazijaingia kwenye viungo vya ndani ya nyonga.

Kuhusu tiba, ninaisifu kliniki hii kwa kutouza matumaini. Tuliambiwa kwamba kwa sasa soksi, kuinua mguu usiku, usafi wa ngozi na kipimo cha urefu kila baada ya miezi sita vinatosha. Kwamba soli ya kiatu cha kushoto inaweza kuongezwa na fundi viatu. Na kwamba tofauti ikionekana itapita sentimita 2 atakapomaliza kukua, kuna upasuaji wa kusimamisha ukuaji wa mfupa ambao lazima ufanyike kwa wakati wake, kabla mifupa haijafunga. Daktari alizitaja dawa za sirolimasi na alpelisibu, hii ya pili ikiwa imeidhinishwa Marekani mwezi Aprili 2022 kwa watoto kuanzia miaka miwili na watu wazima wenye ukuaji mkali unaotokana na PIK3CA, akasema wazi kwamba hali ya binti yangu haijafika huko.

Gharama ni za kuumiza kwa familia isiyo na bima: kumwona bingwa na Doppler peke yake vilimaliza akiba yetu ya miezi miwili, na nauli na malazi havimo. Kwa mzazi ambaye mtoto wake ana alama ndogo isiyobadilika, na miguu yote iko sawa, nisingemshauri aanzie hapa. Aanze kwa daktari wa ngozi au wa watoto aliye karibu. Kwa mtoto mchanga anayegeuka buluu midomo au anayechoka anaponyonya, mlango wake ni wa moyo, na kwetu Tanzania Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ipo pale pale Muhimbili. Lakini kwa baka, vena na kiungo kinachokua peke yake, nitarudi hapa hapa na nitawaelekeza wengine. Wakienda, wachukue picha zote za mtoto tangu alipozaliwa, hata zile za simu zenye ukungu, kwa kuwa daktari alizitazama zetu kwa muda mrefu kuliko alivyozitazama karatasi nyingine zote. Na wasilipie kipimo chochote dirishani kabla ya kumwona.

Katika ziara ya tatu tofauti ilikuwa sentimita 1.7. Binti yangu alipanda kitandani mwenyewe, akanyoosha mguu wa kushoto mbele, akamwambia daktari, "Anza na huu." Miadi ya nne ni mwezi wa Machi. Nimeomba nafasi ya kwanza ya asubuhi, kabla mguu haujavimba, na muuguzi ameiandika kwenye kadi kwa kalamu nyekundu.